Darasa la Kulinganishia

"Mama Aol, hivi huyu mtoto macho yake yanaona?"

Ajwang aliuliza hivyo Jumamosi moja asubuhi, mikono yake imezama ndani ya povu la sabuni, na wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa Kisumu aliyehamia Kampala na biashara yake ya viatu vya mitumba, na mdomo wake haukujua kungoja. Mwanawe Odero alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma pakiti ya sabuni kwa sauti, neno baada ya neno, mpaka yale madogo ya chini kabisa. Aol alikuwa amekaa karibu naye na pakiti nyingine. Yeye alikuwa anaigeuzageuza, anatafuta picha.

"Anaona," Adoch, mama yake, alijibu, akaendelea kuanika.

Lakini swali lile liliingia naye ndani, likakaa. Watoto hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, walicheza kwenye ua mmoja wa vyumba vya kupanga pale Kyebando, walikuwa shule moja na wote darasa la pili. Mmoja anasoma sabuni, mwingine anatafuta picha. Jumatatu Adoch akamfungia Aol kanga kichwani, akampeleka kwenye zahanati ya macho. Muuguzi alimpima akacheka. "Nyabo," alisema, yaani mama kwa Kiganda, "macho haya yanaona mpaka Gulu kwenu. Mpeleke nyumbani."

Basi kama si macho, ni uvivu. Adoch aliamua hivyo. Alimkataza Aol kucheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake jioni. Akamweka kwenye mkeka na daftari, na mtoto akaandika herufi nzuri, zimesimama sawasawa, kama mtu anayechora vyungu bila kujua ndani vina nini. Ukimwuliza hapa pameandikwaje, anakuangalia usoni kutafuta jibu huko. Ijumaa Adoch alifunga kula pamoja na wanawake wenzake wa kanisa, akalitaja jina la mtoto mbele za Mungu. Kufunga kulipita, na Aol akabaki vilevile.

Jambo hili lilimuuma kuliko lilivyoonekana kwa nje. Mumewe, Sajenti Obita, alikufa akiwa polisi, na siku za mwisho pale hospitali hakuongea habari ya nyumba wala shamba la kwao. Alisema tu, "Huyu msichana asome." Adoch mwenyewe aliishia darasa la sita, na Biblia yake ya Kiacholi aliisoma kwa kidole. Aol alikuja amechelewa, baada ya miaka ya kungoja, na hakuwa na ndugu. Na mwalimu mkuu, Mwalimu Jasper, alikwishatangaza mbele ya wazazi: atakayefika mwisho wa mwaka hajui kusoma, atarudia darasa.

Ajwang ndiye aliyekitoa kitabu. Alikuja nacho jioni, amekificha ndani ya leso kama mtu aliyebeba nyama.

"Angalia hiki, Mama Aol. Mbona mimi sijawahi kumwona wako nacho?"

Kilikuwa kitabu chembamba cha rangi, kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wa mtaa ule, wa mapolisi na askari na Wakenya, walinyonya pamoja na maziwa. Kila ukurasa ulikuwa na picha moja na maneno machache makubwa. *Kuku wa Fatumah anataga. Kuku anataga wapi? Anataga kitandani.* Nyuma yake kulikuwa na nembo ya chuo kikuu.

"Odero anasema kila mtoto ana chake," Ajwang alisema. "Na mwalimu wao alipelekwa chuo likizo nzima kufundishwa namna ya kukitumia."

"Aol anasomea ubao," Adoch alisema. "Ubao, na kitabu kimoja cha Kiingereza kwa benchi zima."

"Wako ni Nyekundu. Wangu ni Buluu." Wote wawili walikumbuka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mwanzo wa mwaka watu wa chuo walikuja shuleni na beseni la vizibo vya soda, vingine vyekundu, vingine vya buluu. Wazazi waliitwa washuhudie. Kila mtoto wa darasa la pili alifumbishwa macho, akaingiza mkono, akatoa kizibo. Chekundu darasa hili, cha buluu darasa lile, ili pasiwe na mtu wa kusema mwalimu mkuu kapendelea. Aol alitoa cha buluu. Odero alitoa chekundu, akaanza kulia pale pale, akijigaragaza kwenye vumbi na sare mpya, kwa kuwa baba yake alikuwa shabiki wa timu ya buluu na nyumbani kwao rangi nyekundu ilikuwa ya maadui. Ajwang alimvuta sikio, haikusaidia. Adoch ndiye aliyemaliza kelele. Yeye aliiona nyekundu kuwa ya damu ya Yesu, na moyo wake ukafurahi kabisa. Akachukua kizibo mikononi mwa mwanawe, akampa Odero, akachukua chekundu. "Bwana ametuchagulia," alimwambia Aol. Watu wa chuo walikuwa wameinama wanaandika majina. Hakuna aliyeona.

Sasa Adoch alikuwa amekishika kile kitabu, na kidole chake kiko juu ya kuku.

"Sikujua," Ajwang alisema.

"Hata mimi."

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Jasper. Mwalimu alimkaribisha kiti na kumweleza kwa upole wa mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Vitabu ni vya chuo kikuu. Wanaujaribu mtaala mpya. Darasa moja linapata, jingine linabaki kama zamani, halafu wanapima tofauti. "La kwenu ni la kulinganishia," alisema. "Mimi nilipewa shule, sikupewa vitabu."

"Na hao wa kulinganishia watasoma lini?"

"Nyabo, hilo waulize wenyewe."

Hakuwauliza kwanza. Alifanya lililo karibu. Kila jioni baada ya chakula Ajwang alileta kitabu cha Odero, na watoto wakakaa mlangoni, taa ya balbu juu yao. Odero akawa mwalimu mkali. "Si hivyo. Angalia mdomo wangu." Aol akaangalia mdomo, akaangalia neno. Wiki zikapita. Siku moja Adoch alikuwa anasaga karanga na ufuta, ule wanaouita simsim, za kuuza, kelele za jiwe zimejaa nyumba, akasikia mtoto anacheka peke yake. Akaacha kusaga.

"Mama, kuku anataga kitandani. Kitandani kwa nyanya yake Fatumah."

"Nani kakwambia?"

"Hapa. Pameandikwa."

Adoch alijifuta mikono, akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya karanga. Ajwang, aliyekuwa amesimama uani, alimwambia, "Sasa wewe umshukuru Mungu, lakini na mimi unipe simsim kidogo. Mungu hakuja na leso." Adoch alicheka mpaka akakaa chini.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, chuo kilimtuma Juliet. Alikuwa msichana wa Kitgum, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa mwisho, na kazi yake ilikuwa kumwita mtoto mmoja mmoja chini ya paa la stoo, kumwekea maneno, na kusikiliza anasoma mangapi kwa dakika. Darasa la Nyekundu walikuja wakakwama, mmoja baada ya mwingine. Akaja Aol, akasoma ukurasa wote, akauliza kama kuna mwingine.

"Nani kakufundisha?" Juliet alimwuliza, anatabasamu.

Mtoto hakuona sababu ya kuficha. "Kitabu cha Odero. Tunasoma kwetu kila siku."

Juliet aliandika, maana ndivyo alivyoagizwa. Wiki ile ile vitabu vyote vya Buluu vikakusanywa, vikafungiwa kwenye kabati ya mwalimu. Kuanzia hapo hakuna kwenda navyo nyumbani. Na jina la Aol likapigwa mstari. Kwa hesabu za chuo alikuwa ameharibika, hahesabiki Nyekundu wala Buluu.

Ajwang alikuja jioni, mikono kiunoni. "Sasa hata wangu hana cha kusoma nyumbani. Wazazi wa Buluu wananiangalia kama mimi ndiye mwizi. Nilikufanyia wema, Mama Aol, ukaniletea haya."

"Nilimfundisha mtoto kusema kweli. Ningefanyaje?"

"Ungemfundisha na kunyamaza pia."

Ajwang alirudi kwake akafunga mlango. Aol alimwona mama yake ameinama, akaanza kusema kwa moyo zile kurasa alizozishika, za kuku na za nyanya. Lakini kurasa alizozishika zilikuwa zile zile, na shuleni ubao ulikuwa wa Kiingereza. Baada ya muda akawa anazirudia kama wimbo, hazimpeleki popote. Muhula wa tatu alirudi kuwa mtoto wa kuchora herufi kama vyungu.

Juliet ndiye aliyekuja Kyebando mwenyewe, bila kutumwa. Alimkuta Adoch anapima simsim kwa kikombe.

"Mama, mimi ndiye niliyeandika," alisema kwa Kiacholi. "Sikujua watavifungia."

Adoch alimpa kigoda. "Ulisema ulichokiona, mwanangu. Sina neno na wewe."

"Pale idarani mimi sina sauti. Twende umwone Daktari mwenyewe, mwenye mradi. Si mtu mbaya."

Idara ya kufundisha walimu na kutafiti mitaala ilikuwa jengo la ghorofa juu ya kilima cha chuo. Ukutani kulikuwa na mabango ya watoto wanaocheka, kila mmoja na kitabu mkononi. Kwenye korido maboksi yalipangwa mpaka kwenye dirisha, na boksi moja liliwekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Lilikuwa limepasuka pembeni. Adoch aliinama kidogo, akamwona kuku.

Dkt. Erinayo alisimama alipoingia, akampa mkono kwa mikono miwili kama inavyopasa kumsalimu mama wa watu. Alimwagizia chai. Adoch alisema haja yake yote bila kuzunguka: darasa la Nyekundu lipewe vitabu, watoto wasije wakarudia.

"Mama, nikupe mfano," Daktari alisema. "Ukitaka kujua kama mbolea inafaa, unapanda mistari miwili ya mahindi. Huu unautia, huu huutii. Ukiitia yote, utajuaje?"

"Na ule usiotiwa, mwishowe unaufanyaje?"

"Unavuna kilichopo."

"Mahindi hayana mama, Daktari."

Juliet aliangalia chini. Daktari alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikwishayeyuka. "Naelewa. Kweli naelewa. Lakini matokeo haya yakitoka mazuri, serikali itavipeleka vitabu nchi nzima. Watoto wengi sana, Mama. Hawa wachache wanabeba wenzao."

"Waliulizwa kama wanataka kubeba?"

"Mlitia sahihi."

"Tulitia sahihi kwamba vizibo vimechotwa vizuri. Na havikuchotwa vizuri." Adoch hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka kama linavyotoka jambo lililokaa kifuani muda mrefu. "Mwanangu alitoa cha buluu. Nilibadilishana na jirani. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Niliipenda nyekundu."

Daktari aliweka kikombe chini. Akainuka, akalisogeza lile boksi kwa mguu, mlango ukajifunga.

"Nani mwingine anajua?"

"Jirani yangu."

"Mama, sikiliza. Wafadhili wakisikia kwamba watu walibadilishana, hata wawili tu, watauliza ni wangapi wengine. Kazi yote itatupwa. Vijana kama huyu Juliet, digrii zao zimo humo." Alikuwa anaongea chini kwa chini sasa, na hakuwa anaonekana mkubwa tena. "Nakuomba unyamaze. Na mimi nitakuahidi jambo. Januari upimaji utakuwa umekwisha. Nyekundu wote, hata watakaorudia, watapata vitabu, na mwalimu wao nitamfundisha mwenyewe."

"Unaahidi mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu. Mimi nimeokoka kama wewe, Mama."

Adoch alimwangalia. Alikuwa amewaangalia wanaume wengi wakiapa, pale kambi ya polisi alikoishi na mumewe, na huyu alionekana anamaanisha. "Basi nitanyamaza," alisema. "Neno langu umelipata."

Njiani Juliet alimshika mkono. "Atafanya, Mama. Utaona."

Mwisho wa mwaka Aol alirudia, yeye na zaidi ya nusu ya darasa lake. Odero akaenda la tatu na kila mtu wa Buluu. Januari ilikuja ikaisha. Aol alikaa na watoto wadogo, magoti yake yanagonga meza, na darasa lile jipya la pili halikuwa na nyekundu wala buluu, lilikuwa na ubao tu. Kabati ya mwalimu ilifunguliwa ikaonekana tupu. Adoch alimpigia Juliet. Juliet akasema anauliza. Alipiga tena, Juliet akalia kwenye simu.

Februari wazazi wakapelekewa mwaliko wa kusikiliza matokeo, usafiri juu ya chuo. Adoch alivaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani. Mlangoni mwa ukumbi alimkuta Daktari anapokea wageni, akangoja zamu yake kama wengine.

"Januari imepita, Daktari."

Uso wake ulikuwa na jasho. "Mama, si mimi. Awamu ya pili ni wilaya nyingine, na wafadhili wametaka vitabu vyote viende huko. Niliomba. Waliniambia bajeti ya Kampala imefungwa." Mgeni mwingine akafika, akampa mkono. "Tutaongea baadaye," alimwambia Adoch, na hakumwangalia tena.

Alikaa safu ya kati. Ajwang alikuja akakaa kiti cha pembeni yake, bila kusalimu. Watoto walikuwa mbele na sare zao, Buluu upande huu, Nyekundu upande ule, na Aol mwishoni, mrefu kuliko wote. Odero aliitwa jukwaani akasoma ukurasa mzima bila kusita, watu wakapiga makofi. Ajwang hakupiga.

Halafu taa zikapunguzwa, na ukutani zikatokea nguzo mbili za rangi. Ya buluu ilipanda karibu na dari. Nyekundu iliishia chini, usawa wa mkono wa Daktari. Akauweka mkono wake juu ya ile nyekundu, akaupandisha taratibu mpaka kwenye buluu.

"Nafasi hii," alisema, "ndiyo kazi yetu."

Ukumbi ukashangilia. Adoch aliangalia kule walikokuwa wanashangilia. Hawakuishangilia nguzo ya buluu. Walishangilia pale katikati, mahali patupu, na kama nyekundu ingekuwa fupi zaidi makofi yangekuwa makubwa zaidi. Mzungu mmoja wa mbele alisimama kabisa. Mama mmoja mkubwa wa wizara akawapongeza wazazi wa Nyekundu kwa uvumilivu wao.

"Sema," Ajwang alimnong'oneza. Alikuwa ameshikilia mkono wa gomesi yake. "Mama Aol, simama useme habari ya vizibo. Niko na wewe. Nitasema na mimi."

"Nilimpa neno."

"Yeye si alikupa lake?"

"La kwake ni la kwake. Mimi nitajibu la kwangu."

"Wewe mwanamke," Ajwang alisema, akiuachia mkono wa gomesi, "huo wokovu wako utakuua."

Adoch alikuwa anamtazama Aol. Mtoto alikuwa ameinua shingo kuzitazama zile rangi ukutani, midomo inacheza, anajaribu kusoma maneno yaliyoandikwa chini ya nguzo yake. Alijaribu, akarudi mwanzo, akajaribu tena. Kisha akaacha, akaanza kutazama viatu vyake.

Hotuba zilikwisha. Harufu ya pilau ilikuwa imeanza kuingia kutoka nje, watu wanajinyoosha. Daktari alichukua kipaza sauti, na labda alitaka kumheshimu, labda alitaka kumtuliza, au alitaka kujua kama bado amenyamaza.

"Kabla ya chakula, tunaye mama yetu hapa, mama wa sala, mzazi wa Nyekundu. Mama Adoch, njoo utushukurie Mungu kwa mradi huu, utufungie kwa maombi."

Watu waligeuka. Adoch aliinuka. Alitembea mpaka mbele, gomesi inapiga sakafu, akapokea kipaza sauti. Daktari akainamisha kichwa. Mama wa wizara akainamisha kichwa, na Mzungu, na wanafunzi wa ualimu safu nzima, Juliet amefunika uso kwa viganja. Ukumbi ukatulia, macho yote yamefumbwa, wanangoja.

Alisimama mbele yao. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la kumwambia Mungu. Aliomba Obita alipokufa, aliomba walipoondolewa kambini mwa polisi na magodoro kichwani. Alitafuta sasa pa kuanzia. Kila alipoanzia palimtaka ashukuru, na huko nyuma mtu alikohoa, na mwingine akajibu "Amina" kabla ya wakati.

Akakilaza kipaza sauti mezani, polepole, kisitoe mlio. Akaenda mwisho wa mstari wa Nyekundu, akamshika Aol mkono, akapita naye katikati ya vichwa vilivyoinama, akatoka.